Daftari la Waganga: Karne Moja ya Serikali na Ilimu ya Siri katika Singida

Sheria Namba 23 ya mwaka 2002, ambayo kwayo Bunge la Jamhuri ya Muungano lilianzisha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, imekwisha kupita umri wa miaka 20, na taasisi iliyofikia umri huo ina haki ya kuandikiwa historia yake kabla wale walioshuhudia kuzaliwa kwake hawajatawanyika. Historia hiyo yaweza kuandikwa Dar es Salaam au Dodoma, palipo na ofisi na makabati ya majalada. Lakini makala haya yameona heri kuitazama kutoka Singida, kwa sababu katika nchi hii ya miamba mikubwa na maziwa ya chumvi, baina ya Iramba upande wa kaskazini na vichaka vya Itigi upande wa kusini, serikali tatu zilizofuatana zilikutana na watu waliosadikiwa kuwa na uwezo wa ghaibu, na kila moja ikashughulika nao kwa namna yake, na kila namna ikaacha fundisho ambalo sheria ya 2002 iliokota sehemu yake na sehemu ikaiacha chini.

Yafaa isemwe mapema kwamba historia hii haikusudii kuhukumu kama uchawi upo au haupo. Mwenye kuandika habari za forodha halazimiki kuonja kila bidhaa iliyopita bandarini. Humtosha kueleza nani alitoza ushuru, kwa amri gani, na nani alipita bila kulipa. Kilicho yakini ni kwamba watu walisadiki, walilipa, walipona au hawakupona, waliogopa, na mara nyingine waliua. Na kwa hayo yote serikali haikuweza kukaa kimya.

Kabla ya daftari

Zamani, kabla ya mtawala ye yote mwenye kalamu na muhuri, usimamizi wa waganga katika Singida ulikuwa mikononi mwa jirani. Mganga alipokea ujuzi wake kwa mzazi au kwa babu, au aliufuata kwa mganga mwingine akamtumikia mpaka akafahamu mti upi huchimbwa mizizi, upi hubanduliwa magome, na upi haukaribiwi. Kisha akarejea kwao kutibu watu ambao walimjua tangu utoto wake. Aliyeponya aliitwa tena, na habari zake zilitangulia kufika kijiji cha pili kabla yeye mwenyewe hajafika. Aliyeshindwa mara nyingi alibaki na vibuyu vyake. Na aliyeshukiwa kwamba ameugeuza ujuzi wake kuwa silaha alihamishwa kwa nguvu au alipatwa na kibaya zaidi ya hicho. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wa Manyoni, ijapokuwa walikhitilafiana kwa lugha na desturi, waliafikiana katika jambo hili moja: kwamba mganga na mchawi ni watu wawili mbalimbali, ambao huenda walisoma kitabu kimoja lakini hawakukitumia kwa kusudi moja, na kwamba mwenye haki ya kuwapambanua ni jamii iliyoishi nao.

Wajerumani walipoingia bara, nguvu hii waliikuta vitani kabla hawajaikuta katika uuguzi. Masimulizi ya Wanyaturu yamehifadhi habari za mwanamke aitwaye Liti, ambaye yasemekana aliwakabili askari wa Kijerumani kwa jeshi la nyuki walioitikia amri yake, mpaka wenye bunduki wakatimua mbio mbele ya wadudu ambao hawakuweza kuwalenga shabaha. Msomaji aweza kuipokea hadithi hiyo kwa kipimo apendacho. Lakini asisahau kwamba Singida ni nchi ya mizinga na asali tangu kale, na kwamba kiwanja cha mpira cha mjini, kilichojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Namfua, siku hizi chaitwa Liti. Mwanamke ambaye dola ya kwanza ingemtia gerezani kwa sababu ya uwezo wake, dola ya tatu imemwandika jina langoni.

Mbali na Singida, katika nchi ya Wamatumbi, jambo zito zaidi lilikuwa likitokea. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ambayo watu waliamini yatazigeuza risasi za Wajerumani kuwa si kitu, na Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipokuwa vinaanza, alinyongwa. Tangu siku hiyo, machoni mwa watawala, mganga hakuwa tena mtu wa dawa tu aliyeachwa apige kelele zake porini. Alikuwa mtu awezaye kukusanya umma pasipo ruhusa, na kwa hiyo alikuwa jambo la siasa. Hofu hiyo Waingereza waliirithi pamoja na nyumba za boma.

Sheria ya Uchawi

Serikali ya Kiingereza ilitunga Sheria ya Uchawi ya Tanganyika mwaka 1922, ikaitunga upya mwaka 1928, na kwa marekebisho ya hapa na pale sheria hiyo imo vitabuni hata leo, ikijulikana kuwa Sura ya 18. Maana ya uchawi katika sheria hiyo ilipanuliwa kwa makusudi: iliingiza kuroga, kutumia vifaa vya kurogea, kujidai kutumia uwezo wa siri, na hata kujidai kuwa na ilimu ya siri. Hapo ndipo ilipo hekima ya sheria na ndipo ulipo udhaifu wake. Hakimu hakutakiwa kuthibitisha kwamba hirizi iliyozikwa mlangoni ilimdhuru mtu. Ilitosha kuthibitisha kwamba fulani aliizika, au alisema anaweza kuizika. Lakini kwa kutunga hivyo, sheria ilimweka mganga anayetabiri chanzo cha maradhi katika kapu moja na mchawi anayetuhumiwa kuyaleta, na yule aliyemtaja jirani kuwa mchawi akawa naye mkosaji mbele ya mahakama.

Watu wa vijijini walipata taabu kubwa kufahamu mpango huo. Kwa mtazamo wao, mchawi alikuwa muuaji, na mganga aliyemfichua alikuwa shahidi. Ilhali serikali ilimwadhibu shahidi, na muuaji, madhali hapakuwa na jeraha wala kisu, ilimrudisha nyumbani. Malalamiko kwamba serikali inawalinda wachawi hayakuzaliwa na ujinga, bali yalizaliwa na kulinganisha adhabu zilizotolewa na hofu iliyobaki. Walioitunga sheria walijua tatizo hilo, ndiyo maana wakampa Mkuu wa Wilaya mamlaka yasiyo ya kawaida: akisharidhika baada ya kuhoji kwamba mtu ana sifa ya uchawi na kuwapo kwake kunaharibu amani ya mahali, aliweza kumwamuru ahame akaishi mahali pengine palipotajwa. Ilikuwa hukumu ya kuhamisha hofu kutoka kijiji kimoja kwenda kingine, na ilikiri kwa kimya kwamba jirani wa zamani alikuwa na kauli ambayo boma lisingeweza kuipuuza.

Katika kanda nyingine za Tanganyika, ombwe lililoachwa na sheria hiyo lilijazwa na waganga wasafiri walioalikwa kusafisha vijiji kwa kuwanywesha watu dawa na kuwanyoa wachawi. Utenzi wa Hasani bin Ismail juu ya mganga Nguvumali, uliochapishwa mwaka 1968, ni ushahidi wa jinsi umma wa pwani ya kusini ulivyomwona mtu wa namna hiyo: si mvunja sheria, bali mtumishi aliyefanya kazi ambayo maofisa walishindwa kuifanya. Serikali ya kikoloni mara ilimvumilia mganga wa aina hiyo kwa sababu alituliza watu, mara ilimzuia kwa sababu aliwakusanya, na katika kusita huko haikupata kuandika kanuni ya kudumu.

Watu-simba

Kusita huko kulilipiwa gharama kubwa zaidi katika Singida kuliko mahali pengine po pote. Tangu miaka ya 1920 ilisikika katika nchi ya Wanyaturu kwamba watu waliouawa porini na njiani, wakikutwa na alama za makucha, hawakuuawa na simba bali na watu waliovikwa ngozi za simba, wakifuata amri ya bwana aliyewafuga au mkodishaji aliyelipa. Mwaka 1946 na 1947 vifo vya namna hiyo viliongezeka mpaka habari zikavuka mipaka ya Tanganyika na kuchapwa katika magazeti ya ng'ambo. Polisi waliongezwa wilayani, watu wengi wakakamatwa, kesi zikasikilizwa, na baadhi ya washitakiwa wakahukumiwa kunyongwa.

Wenye elimu walibishana baadaye, na ubishi wao haujakwisha. A. W. Wyatt alieleza habari za watu-simba katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950. Na mwaka 1962, katika jarida hilo hilo, Harold Schneider, mtaalamu wa mila aliyeishi na kuchunguza maisha ya Wanyaturu, aliirejea mada hiyo na kuipima upya. Katika ubishi huo wapo waliosadiki kwamba simba wa kweli waliua na watu wakapewa lawama. Wapo waliosadiki kwamba watu waliua na simba wakapewa lawama. Na wapo waliokubali kwamba mawili hayo yaliweza kutokea katika nchi moja kwa msimu mmoja, kila moja likipata kivuli chake katika jingine.

Kwa historia ya usajili, swali lenye maana ni jingine. Katika kila simulizi la watu-simba, aliyeogopwa zaidi hakuwa aliyevaa ngozi. Alikuwa bwana wake, ambaye hakuonekana, hakutajwa, na hakuwa na makazi yanayojulikana kwa kazi hiyo. Raia walimfahamu kwa minong'ono, na boma halikumfahamu kabisa. Na pale ambapo boma halina jina la mtu, mahakama hubaki kumwadhibu aliye karibu. Sheria iliyokusanya wote wenye ilimu ya siri katika kosa moja iliwafundisha wote kujificha, yule aliyejua dawa ya tumbo pamoja na yule aliyejua sumu, na kwa kuwaficha wote ilijinyima mashahidi waliokuwa na habari. Hilo ndilo fundisho la Singida, nalo liligharimu roho za watu.

Ruhusa isiyo na orodha

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mkoa wa Singida ulipokatwa kutoka Jimbo la Kati mwaka 1963, Sheria ya Uchawi ilibaki mahali pake. Lakini upande wa pili wa shilingi, yaani dawa, ulianza kuangaliwa kwa jicho jingine. Sheria ya waganga wa hospitali na wa meno ya mwaka 1968 iliweka kifungu kilichosema kwamba hakuna kitakachomzuia mtu kutibu kwa njia za asili, maadamu jamii yake inamtambua kuwa amefunzwa kazi hiyo na maadamu hatendi la kuhatarisha maisha. Katika maneno hayo machache jirani wa zamani alirudishiwa cheo chake: jamii ilikuwa mtoa leseni. Lakini haikuandika popote.

Upungufu huo ulionekana zaidi katikati ya miaka ya 1970, operesheni ya vijiji ilipokusanya watu waliokuwa wakiishi wametawanyika. Kifungu cha 1968 kilitegemea jamii inayomjua mganga wake. Na si vigumu kuona jinsi ushahidi huo ulivyodhoofika pale ambapo familia zilizoishi mbali mbali zilijikuta kando ya barabara moja, mganga wa kilima hiki akiwa jirani wa watu ambao hawakupata kumwona akitibu hata kuku. Aliyetaka kudanganya alipata nafasi, na aliyekuwa mkweli alipoteza mashahidi wake.

Elimu ya kisomi iliingia wakati huo huo. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1991 kikapandishwa kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulipotangaza huduma ya afya ya msingi, waganga wa jadi walitajwa miongoni mwa watu wanaoweza kushiriki pale wanapohitajika. Waganga wenyewe nao waliunda vyama, kikiwamo Chama cha Waganga na Wakunga wa Tiba Asilia Tanzania, na kadi ya uanachama ikawa kwa wengi kitu cha kwanza cha karatasi walichopata kumwonyesha polisi njiani. Hata hivyo kadi ya chama ilithibitisha ada iliyolipwa, wala haikuthibitisha kwamba mwenye kadi anajulikana kwao.

Agosti 31 mwaka 2000, mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Ouagadougou chini ya Shirika la Afya Duniani walipitisha azimio la kuitambua tiba asili na kuisimamia, na tangu 2003 siku hiyo huadhimishwa barani kote. Tanzania haikuchelewa. Mwaka 2002 sheria ilipita.

Baraza na daftari lake

Sheria ya 2002 ilifanya mambo matatu ambayo hakuna serikali iliyotangulia iliyoyafanya kwa pamoja. Iliunda Baraza chini ya wizara yenye dhamana ya afya, ambamo waganga wenyewe wanakaa meza moja na wataalamu wa serikali. Iliweka Msajili mwenye daftari la majina. Na ilifanya kuwa kosa kutoa huduma hiyo pasipo kuandikwa katika daftari hilo. Zanzibar ilifuata njia hiyo hiyo kwa sheria yake yenyewe mwaka 2008. Wahenga walisema mganga hajigangi, na kwa maana hiyo Baraza lilikuwa mganga wa waganga, wa kuwapima wao wasioweza kujipima.

Namna ya kuingia katika daftari yastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna historia yote iliyotangulia. Mtu wa Ikungi au Mkalama anayetaka kutambuliwa haanzii Dodoma. Huanza kwa mtendaji wa kijiji chake, mara nyingi katika chumba kimoja chenye meza, benchi la wanaosubiri na kalenda ya mwaka uliopita, akiwa na fomu na picha zake ndogo. Mtendaji hamwulizi kama majini yanamtii; humwuliza anaishi wapi, ametibu kwa muda gani, anatibu maradhi gani, na nani amfahamu. Kama kijiji kimeridhika, mhuri hugongwa, na karatasi hupanda kwenye kata, kisha kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ambaye mara nyingi ni mtumishi wa idara ya afya mwenye kazi nyingine nyingi mezani, kisha kwa Msajili. Ikirudi, hurudi na cheti chenye jina, picha na namba, ambacho mganga hukitundika ukutani juu ya vibuyu na vifurushi vya magome, mahali ambapo mgonjwa aingiaye atakiona kabla hajaketi.

Katika mwendo huo, jirani wa kale anasimama mlango wa kwanza, boma la kikoloni limekuwa ofisi ya kata, na Muhimbili iko nyuma ya pazia kwa ajili ya dawa itakayohitaji kupimwa. Hakuna afisa katika ngazi hiyo yote anayethibitisha uwezo wa ghaibu. Wanachokithibitisha ni kwamba mtu huyu anajulikana, anapatikana, na amekubali kuulizwa. Hilo laweza kuonekana dogo kwa mtu wa mjini. Lakini kwa nchi iliyopata kuishi na mabwana wa simba wasiojulikana majina, ni jambo kubwa.

Maadili ya kazi yalifuata daftari. Mganga aliyesajiliwa haruhusiwi kujiita daktari wa hospitali, hapaswi kutangaza dawa kabla ya kupata kibali, na anatakiwa kumpeleka hospitali mgonjwa aliyemzidi uwezo. Katika mkoa wenye hospitali za misheni zenye sifa ya miaka mingi, kama Makiungu na Itigi, agizo hilo la mwisho lina maana ya pekee, kwa sababu aghalabu mgonjwa huanza kwa mganga na kumalizia hospitali, na tofauti baina ya kupona na kufa mara nyingi ni siku alizokaa baina ya hapa na pale.

Majaribu

Taasisi hupimwa siku za dhiki, na Baraza lilipata dhiki yake mapema. Tangu mwaka 2007 watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na jirani zake, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Na ikajulikana kwamba nyuma ya muuaji alikuwapo mara nyingi mpiga ramli aliyeagiza. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kusimamishwa kwa leseni za waganga nchini kote. Hasira ya amri hiyo ilieleweka, na nia yake ilikuwa kulinda roho. Lakini kwa kuwa ilimgusa kila mwenye cheti, ilimfunga mdomo yule aliyejiandikisha na haikumfikia yule ambaye hakuwa na cheti cha kunyang'anywa. Kwa muda fulani hali ya 1928 ilirejea, wote kosa moja, wote gizani, mpaka katazo hilo likaondolewa baadaye.

Jaribio la pili lilikuwa la namna nyingine kabisa. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mugariga, kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, na miongoni mwa waliokwenda walikuwamo mawaziri na maskini kwa pamoja. Ramli hapakuwapo, wala siri, wala mtu aliyetajwa kuwa adui. Palikuwa na mzee, sufuria na imani. Mbele ya umati ule, taratibu za fomu na mhuri zilionekana nyepesi kama bua, na Wizara ilibaki kusimamia barabara, maji na vyoo, huku wataalamu wakiichunguza dawa. Masapila alifariki mwaka 2021, na kikombe chake kilifundisha kwamba daftari laweza kumhesabu mganga, lakini haliwezi kuhesabu tumaini la wagonjwa.

Mwanzoni mwa 2015, mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza tena, serikali ilijifunza kutofautisha. Safari hii Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alielekeza katazo kwa wapiga ramli, hasa ramli chonganishi, yaani ile inayomtaja jirani kuwa chanzo cha msiba. Na hadi Machi mwaka huo polisi walikuwa wamekamata zaidi ya watu 200 waliofanya uganga pasipo kibali. Baina ya amri ya 2009 na ile ya 2015 kuna hatua kubwa: ya kwanza iliuliza nani ni mganga, ya pili iliuliza mganga anafanya nini. Lau daftari lisingekuwapo, swali la pili lisingeweza kuulizwa.

Hata hivyo ramli ndiyo fundo ambalo sheria ya 2002 haikulifungua. Mizizi yaweza kupelekwa maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kauli ya mpiga ramli haipimiki katika chupa. Wagonjwa wengi wa Singida, kama wa kwingineko, hawaji kuuliza dawa tu, bali huja kuuliza sababu. Na mganga anayejibu swali la sababu husimama ukingoni mwa Sheria ya Uchawi hata kama cheti chake ki ukutani. Vijijini bado hupita watu wanaoahidi kusafisha kijiji kizima, waitwao kwingine kamchape na kwingine lambalamba, wakikusanya michango kaya kwa kaya na kuwaacha nyuma wazee, aghalabu wanawake wenye macho yaliyowiva kwa moshi wa kuni, wakiwa wametajwa. Hao hawamo katika daftari, na wenye kuwaalika ni viongozi wale wale ambao saini zao zahitajika ili mganga mkweli aingie humo.

Hesabu ya karne

Ikichukuliwa pamoja tangu 1922, historia hii yaonyesha serikali ikipita njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kukataza wote, na matunda yake yakawa kujificha. Ya pili ilikuwa kuruhusu wote waliotambuliwa na jamii bila kuwaandika, na matunda yake yakawa kwamba jamii ilipohamishwa ruhusa ilibaki hewani. Ya tatu ni kuandika, na matunda yake bado yako mtini. Makisio yaliyotajwa kwa miaka mingi huwaweka waganga wa Tanzania kuwa 75,000 hivi, na daftari la Msajili halijawahi kuwafikia wote.

Singida inayo mfano wake yenyewe wa jinsi njia ya tatu inavyoweza kukamilika, na mfano huo hautoki katika uganga. Msitu wa Mgori, uliokuwa ukikatwa na kuchomwa wakati ulipokuwa mali ya serikali kwa jina tu, ulikabidhiwa katikati ya miaka ya 1990 kwa vijiji vitano vinavyouzunguka. Wanakijiji wakachora mipaka, wakaweka walinzi wao na faini zao, na msitu ukapata nafuu. Kilichoponya msitu kilikuwa jirani mwenye mamlaka yaliyoandikwa, ambaye hakuachwa peke yake na wala hakunyang'anywa kauli. Waganga wa vijiji hivyo huchimba dawa katika msitu huo huo, na si jambo la ajabu kutaka kwamba walindwe, na wengine walindwe dhidi yao, kwa utaratibu unaofanana.

Kwa hiyo maadhimisho ya Baraza hayana haja ya kuwa sherehe ya hotuba tu. Majina ya waliosajiliwa yabandikwe katika kila ofisi ya kijiji na kata, yasomwe na ye yote ajuaye kusoma, ili mgonjwa ajue kabla hajalipa. Kijiji kipewe haki ya kumlalamikia mganga kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi. Mtendaji anayewaalika wasafisha vijiji awajibishwe kama avunjaye sheria, kwa kuwa ndivyo alivyo. Na Bunge, litakapoiangalia upya Sura ya 18, liamue kwa uwazi mpaka wa ramli uko wapi, badala ya kuwaachia askari wa kituo waupime kwa hisia. Cheti cha Baraza hakijapata kuthibitisha kwamba mtu ana uwezo wa ghaibu, na hakina haja ya kufanya hivyo. Huthibitisha kwamba mwenye nacho amekubali kuwa na jina, makazi na wajibu mbele ya watu anaowatibu. Na kwa nchi ambayo ilizika watu kwa sababu bwana wa simba hakuwa na hata moja kati ya hayo matatu, ahadi hiyo ina thamani ya kutosha kuifanya taasisi hii idumu.